Miti ya Kilio Ndani ya Ukuta

Mbeya, 14 Januari 2024

Kapinga, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu binti yako Cathy na wote waliobaki katika kiwanja cha baba pale Katuba, Lubumbashi. Huku tu wazima. Mke wangu Feza anasumbuliwa na goti, lakini bado anakwenda shambani kabla sijaamka, na akirudi ananicheka. Mahindi yamefika kiunoni. Masikio yangu yananiacha polepole, ingawa si hasara kubwa, kwa kuwa namba yangu umeifungia tangu Juni. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii anaileta Lombe, dereva wa lori anayepeleka salfa huko migodini na kurudi na shaba. Kila safari analala hapa Mbeya.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka mpya Cathy alimtumia Feza picha za kilio cha mama. Katika moja, jeneza liko uani, na nyuma yake uko ukuta wa shule yako mpya, umefika kifuani. Nimefundisha uashi wa bloku katika chuo cha hapa kwa miaka mingi kuliko niliyoishi Katuba, kwa hiyo niwie radhi ikiwa jicho langu liliondoka kwenye jeneza. Nimeona bloku zenye matundu, na nondo zimesimama ndani ya baadhi ya matundu hayo. Hilo ni sawa. Lakini nimeona pia turubai la waombolezaji limeinuliwa kwa miti, na miti hiyo imechomekwa ndani ya matundu yale yale yenye nondo.

Kwa hiyo nauliza. Miti ile ilikazwa kwa kitu gani isiyumbe? Na kilichoikaza kilitolewa kabla fundi hajamimina zege la kujaza matundu, au kimo humo hadi leo?

Nondo iliyosimama katika tundu tupu haina kazi. Bloku, nondo na zege vikishikana vinakuwa mwili mmoja, na mwili huo ndio unaobeba mzigo. Visiposhikana, una ngozi tu ya ukuta. Cathy anasema kiangazi hiki utamwaga slabu ya ghorofa, na Septemba watoto watasoma ghorofani. Nijibu kabla ya slabu.

Kaka yako,
Symphorien

Nyumba ya baba sikuiona pichani. Nadhani umekwisha kuibomoa.


Lubumbashi, 25 Februari 2024

Yaya Symphorien, kaka yangu mukubwa,

Jambo. Siye tuko bazima. Mvua inanyesha mingi, avenue yetu imekuwa mutoni, banafunzi banafika na viatu mu mikono. Cathy alifaulu examen yake. Kwa goti ya Mama Feza umwambie pole, yeye hana kosa.

Barua yako nilisoma. Mama yetu analala mu sanduku pale mbele, na weye unahesabu matundu ya bloku. Haukumuona? Alivaa ile robe ya bleu yenye ulimutumia zamani. Aliiweka miaka yote, alisema ataivaa siku utarudia.

Uliuliza maswali. Miye niko na moja tu. Mu ile foto avenue yote iko, chorale iko, hata bale banadharauliana na siye bako. Mutoto wa kwanza wa mama hakuna. Ulikuwa wapi, Yaya?

Maçon wangu, fundi ya ukuta, anaitwa Ngosa. Amejenga nusu ya hii avenue na hakuna nyumba yake imeanguka. Nilimusomea barua yako wakati alikuwa anakula. Alicheka mpaka bukari ilimukwama ku koo. Nilimwambia ulifundishaka bantu kumimina béton ya maji-maji mu matundu, kama uji. Akasema: "Mama Directrice, umwambie huyo muzee uji ni ya bagonjwa. Béton yangu iko kavu, iko nguvu. Maji inauaka ciment." Miye pia nilicheka.

Nyumba ya baba, ndiyo, nilibomoa. Muchwa ilimaliza mbao ya juu. Ule mwaka balituandikia ku mulango na makaa kama siye Bakasai, bantu ya asili ya Kasai, turudie kwetu, weye ulibeba valise ukaenda zako, miye nilibeba mama. Nilimupeleka Kasomeno kwa bantu ya bwana yangu, tukakaa kule mpaka moto ilizima, tukarudia. Tulikuta bantu bengine bamelala mu kitanda ya baba. Nilibatosha mule namna gani, haukuuliza hata siku moja. Leo unauliza ukuta.

Dalle, yenye unaita slabu, tutamwaga mwezi wa sita.

Ni miye,
Kapinga


Mbeya, 17 Machi 2024

Kapinga,

Salamu. Feza anashukuru kwa pole yako, na amesema niandike kwamba yeye hayumo katika ugomvi huu. Mvua imepungua. Mpongeze Cathy.

Hukujibu swali la miti.

Umenieleza habari za mlango, kitanda na Kasomeno, na yote hayo nayajua au ningepaswa kuyajua. Kuhusu mahali nilipokuwa siku ya mazishi sitaandika. Unayo haki ya kuuliza, nami ninayo ya kunyamaza. Lakini watoto watakaokaa juu ya ukuta ule hawakumzika mama yetu wala hawakukosa kumzika, na hawastahili kulipia kilio chetu.

Mwambie Ngosa kwamba anasema kweli kuhusu slabu na anakosea kuhusu tundu. Zege la slabu ukilizidishia maji unalidhoofisha. Zege la tundu linaingia mahali pembamba, lenye kuta kavu zinazokunywa. Likiwa kavu linanasa njiani, linaning'inia kwenye nondo na kwenye mota, ule mchanga na saruji wa kuungia bloku, iliyovimba kwenye viungo, na chini yake panabaki hewa. Fundi anayetazama kutoka juu anaona tundu limejaa. Likiwa jepesi linashuka hadi mguuni, kisha bloku zenyewe zinayanyonya yale maji ya ziada. Lazima pia lichomwe kwa ufito wakati wa kumimina, na lichomwe tena kidogo bloku zikishakunywa, maana hapo linashuka na kuacha nafasi.

Kupima ni rahisi. Chukua nyundo ndogo, gonga kila tundu lenye nondo kuanzia chini. Lililojaa linajibu kwa sauti fupi, nzito. Tupu linalia. Panapolia, kata dirisha la kiganja kimoja mguuni na uingize mkono.

Na siku mtakayojaza upya, msitengeneze sampuli ya kupima nguvu ya zege katika kopo la chuma, maana chuma hakinywi maji. Panga bloku nne zizunguke nafasi ndogo katikati, zivalishe karatasi nyembamba inayopitisha maji, mimina humo zege lile lile. Hapo sampuli inakauka kama inavyokauka ukutani. Nafasi tatu, sampuli tatu.

Usiponijibu kabla ya slabu, nitawaandikia wazazi wa wanafunzi wako.

Symphorien


Lubumbashi, 28 Aprili 2024

Symphorien,

Tuko bazima. Hiyo ni salamu.

Unanitisha na bazazi. Andika. Fundi ya maneno, andika na majina yao nitakutumia. Batauliza: huyu muzee ni nani? Nitasema ni yaya yangu, iko anajua bloku sana. Batauliza: siku ya kilio hatukumuona? Hapo utaandika nini?

Juu miye najua sasa ulikuwa wapi. Lombe alikunywa chai hapa kwangu. Ni mutu wa kuaminika, weye mwenyewe unamupa barua zako. Aliniambia mwezi wa sita ya mwaka jana ulipanda lori yake na costume yeusi imefungwa mu plastique. Mukafika ku mupaka Kasumbalesa, upande ya Zambia. Malori ilikuwa mingi, mukalala mu foleni. Asubuhi barrière ikafunguliwa, Lombe akawasha moteur, na weye ukamushika mukono. Ukamwambia: "Nitafutie lori inarudia." Mama alikuwa angali mu morgue, Yaya. Tulikuwa tunakungojea weye njo tumuzike. Tulingoja mpaka bantu ya morgue balianza kutusumbua. Balikuwa bananiuliza kila asubuhi, "Yaya iko wapi?" Na miye najibu, "Iko mu njia."

Mbele ya lango ya inchi yetu unageuka kama mutoto, na ukuta yangu weye njo unataka kuigonga.

Haigongwe. Ngosa alikasirika, alisema kama kuna mutu ataleta nyundo pale, yeye atabeba mwiko yake na kwenda. Ile ukuta ilisimama mu kilio ya mama, ilitushikilia bâche, lile turubai ya foto, wakati mutoto wake wa kiume hakushika hata kamba. Kile kiko ndani kikae ndani.

Kapinga


Mbeya, 12 Mei 2024

Kapinga,

Feza amelazwa kwa ajili ya goti, ametoka, anatembea na mkongojo. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Lombe amesema kweli. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Umeandika: "Kile kiko ndani kikae ndani." Nimekuuliza mara mbili kama kuna kitu, na mara zote mbili ulinijibu habari nyingine. Sasa naona kipo, na unakijua kwa jina.

Ukuta wa namna hiyo hauanguki siku ya kwanza. Ungekuwa unaanguka siku ya kwanza, mafundi wote wangekuwa waangalifu. Utabeba slabu, utapakwa rangi, padri atakuja kubariki. Mwaka wa pili ufa mwembamba utapanda kama ngazi kufuata viungo vya bloku, nanyi mtaupaka plasta. Kisha siku moja kengele italia, na darasa zima litakimbilia upande mmoja wa ghorofa, kama watoto wakimbiavyo. Nimewahi kuitwa kutazama jengo baada ya siku kama hiyo. Ilikuwa hapa Mbeya, godauni, na kwa bahati ilikuwa Jumapili. Niliokota nondo kutoka kwenye kifusi, na ilikuwa safi, haina hata chembe ya zege. Niliivuta kutoka kwenye bloku kwa vidole viwili.

Barua ya wazazi nimekwisha kuiandika. Iko mezani. Lombe akipita safari ijayo bila jibu lako, anaondoka nayo, nao waniulize watakalo. Nitawajibu hata lile la Kasumbalesa.

Symphorien


Lubumbashi, 30 Juni 2024

Yaya,

Jambo. Mama Feza apone. Baridi iko mukali huku, asubuhi banafunzi banakuya bamejifunika bablanketi, na vumbi ya kiangazi imeanza. Cathy anakusalimia, na anaomba musamaha juu ya foto. Nilimwambia asiombe.

Dalle haikumwagwa.

Barua yako ilifika siku Ngosa alikuwa anapanga mbao ya coffrage ya kumwagia dalle. Nilibeba marteau, nyundo yangu ya kuvunjia makaa. Aliniona nakuya, akasimama mbele ya ukuta kama gardien.

"Mama Directrice, unaenda wapi na hiyo?"

"Kusalimia ukuta."

"Ni ile muzee tena. Mama, utabomoa kazi ya bantu."

"Kama marteau ya makaa inabomoa kazi yako, Ngosa, basi uniambie sasa."

Akatoka mbele ya ukuta. Nikagonga. Kwa kona, du, du. Kwa dirisha, du. Nikafika pale bâche ilikuwa. Ngo. Ngo. Ngo. Bantu bake bote baliacha kufanya kazi. Nikamuuliza, "Mbona hapa inaimba?" Akasema, "Ni bloku tu, Mama." Nikasema, "Weye njo bloku." Bantu bake balicheka, na yeye alikasirika, akachukua burin, patasi ya chuma, mwenyewe, akakata pale chini, juu ya kunionyesha. Hakuna kitu ilitoka, ni vumbi. Fer, ile nondo, ilikuwa mule, yeye peke yake, na kutu. Ngosa aliingiza mukono mpaka ku kiwiko. Akautosha, akauangalia. Hakusema tena juu ya uji.

Akakata ngine, juu kidogo, pale tundu iliziba. Nilimwambia, "Sogea, nitatosha miye." Juu nilijua ni nini.

Sasa sikiliza. Kisha kuzika, bamama ya famille baligawa nguo ya mama, vile tunafanyaka. Yako ilikuwa kile kitenge cha ndege ya manjano, chenye alikuwa anatubebea, weye mbele, miye nyuma yako. Bamama balisema, "Hiki kikae kwa yaya, hata kama hakukuya." Nilikiweka ku mabega nikijua utakuya hata kisha. Ile mangaribi upepo ilipiga, mti moja ya bâche ikaanza kucheza mu tundu, bamama bakaanza kulalamika itaangukia bantu. Ngosa aliweka vipande ya bloku na karatasi ya ciment, haikushika. Nikaangalia lango. Hakuna mutu alikuwa anakuya. Nikatosha kitenge ku mabega, nikakishindilia mule na mukono yangu mpaka mti ilikaa kimya. Kisha kilio balikata bile miti na kuivuta, vyenye vilibakia ndani vilibakia, na Ngosa akamwaga béton yake kavu juu. Nilimuona akimwaga. Nilikuwa nimesimama pale. Sikumwambia kitu.

Siombi musamaha. Nikikumbuka ile mangaribi, ningefanya tena.

Lakini nilifungua matundu yote ya miti, na tukagonga yote ingine. Kulikuwa mengine yenye haikuwa na mti hata moja, yalikuwa yanalia pale chini. Béton ya Ngosa ilikwama, vile uliandika. Tulisafisha, tukamwagia ile ya maji-maji, kidogo-kidogo, kuchoma na kuchoma tena. Siku ya mwisho Ngosa aliniuliza kama muzee iko na barua ingine ya kufundisha namna ya kufunga fer ya dalle. Sikumuuliza kama alikuwa anaomba ao anachokoza. Sikujua.

Ghorofa haitafunguliwa mwezi wa tisa. Bazazi bamoja batapeleka batoto kwa école ingine. Nitabapoteza, na nilibaambia miye mwenyewe juu ya nini, mbele ya barua yako kufanya ile kazi. Kasumbalesa sikubaambia.

Lombe anakuletea sampuli tatu, tulizitengeneza na bloku ine na karatasi. Nimezifunga mu kitenge chako juu ya njia isizivunje. Zivunje weye. Nikijua matokeo njo nitamwaga dalle. Bila hiyo simwagi.

Kapinga


Mbeya, 11 Agosti 2024

Kapinga, mtoto wa mama yangu,

Salamu kwako, kwa Cathy, na safari hii kwa Ngosa pia. Feza ameacha mkongojo, ingawa anaubeba ili kunitishia. Mahindi tumevuna, si mabaya.

Sampuli zilifika nzima. Nimezipeleka chuoni, wakaniruhusu kusimama kwenye mashine mwenyewe. Kiwango cha chini ni megapaskali kumi na nne. Ya kwanza imevunjika kwenye kumi na saba, ya pili kumi na sita, ya tatu kumi na nane. Umri wake ulikuwa umezidi kidogo siku ishirini na nane za kawaida, na hata nikipunguza kwa ajili ya hilo, zote zinapita. Niliutazama pia mpasuko wake: zege limeshikana, halina mifuko ya hewa. Mwaga slabu. Magogo ya kuishikilia yasitolewe mapema hata Ngosa akisema yanamzuia njia. Namna ya kufunga nondo za slabu nimemchorea kwenye karatasi ya pili. Kama alikuwa anachokoza, atakuwa amechokoza akajifunza.

Barua ya wazazi Feza ameiwashia jiko.

Umesema huombi msamaha. Sikukuomba uombe. Uliona zege likimwagwa juu ya kitenge cha mama na ukanyamaza, tena miezi ukanyamaza huku ukijua watoto watakaa juu yake. Hilo sijalisamehe, na kwa umri wangu sijui kama nitawahi. Nami nililala kwenye foleni, nikaona barrière ikiinuka, nikaona barabara ile ile niliyopita nikitoka na valise, na mkono wangu ukamshika Lombe kabla sijaamua kitu. Ulitaka sababu. Hiyo ndiyo yote niliyo nayo, na najua haitoshi kwa mtu aliyekuwa akiulizwa kila asubuhi yaya yuko wapi.

Kitenge kimefika. Nusu yake bado ni nguo, ndege wanaonekana, na ukikiweka puani kina harufu ya moshi wa kilio. Nusu nyingine imekuwa zege kavu la Ngosa, lenye alama za mikunjo na, mahali pamoja, alama ya vidole. Nimelinganisha na vyangu, ni vyembamba zaidi. Feza alitaka kukiloweka. Nikamwambia zege likishakunywa maji yake halirudishi. Hakikunjiki kuingia sandukuni, kwa hiyo kimekaa juu ya kiti mkabala na kitanda, nacho kinasimama chenyewe.

Lombe anaondoka Jumatatu. Amekiondoa chombo chake cha mafuta kwenye kiti cha abiria, akaniambia, "Mzee, safari hii kule kwenye foleni tutabadilishana. Wewe utashika usukani, mimi nitashika mkono wako." Nimempa barua hii.

Simu usinifungulie, masikio yangu hayaifai tena. Nikija, nitagonga lango.

Symphorien